Jiwe la Babu Lina Jina Moja

Katika makaburi yaliyo kusini mwa Louisville, babu yangu na nyanya yangu wamelala bega kwa bega, na jina la ukoo wetu limechongwa kwenye jiwe la nyanya peke yake. Jiwe lake linasema Rebeka Matharu. La babu linasema Elija, basi. Chini ya Elija pana nafasi laini, iliyosuguliwa ikang'aa kama sehemu nyingine zote za jiwe, inayongoja herufi ambazo hazijafika. Mgeni akipita pale atadhani nyanya aliolewa na mwanamume mwingine, na huyu Elija alikuwa labda kaka yake. Kumbe jina la Matharu alilipata kwa huyo huyo.

Matharu ni jina la Kipunjabi. Sisi si Wapunjabi, au kama tu Wapunjabi, hakuna aliyewahi kutuambia hivyo kwa kinywa kipana. Wakenya wenzetu kanisani walidhani sisi ni Wakikuyu, kwa jinsi jina linavyosikika, na baba aliwaacha wadhani hivyo.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mti. Hapa Westerville ninapoishi sasa, dhoruba ilimwangushia jirani yangu mti mkubwa uani, na asubuhi wakaja watu wa kuukata. Msumeno uliponguruma, harufu ya mbao mbichi ikapenya dirishani mwa jikoni, nikapiga chafya. Nikabaki nimesimama na kikombe mkononi. Babu alinukia hivyo. Katika droo yake ya mashati aliweka kipande cha mbao ya mtarakwa alichokuja nacho kutoka Kenya, na kila shati alilovaa Louisville lilitoa harufu ya msitu ambao mimi sijawahi kuuona.

Tulikaa mtaa wa Iroquois, katika nyumba ya kupanga yenye ngazi za saruji zilizopasuka, jirani zetu wengi wakiwa Wakongo. Mama aliwahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa. Baba aliendesha lori. Aliondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa akinuka dizeli. Aliyenilea mchana alikuwa babu, na babu alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote, hadithi ya jina lake.

Kwetu, kule misituni juu ya Bonde la Ufa, mtoto hachaguliwi jina. Huulizwa. Akishazaliwa, wanawake wazee humzunguka na kutaja majina ya wafu wa upande wa baba yake, moja baada ya jingine, polepole, mpaka apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo lake. Yule mfu ameitika, amerudi. Babu alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha mbao cha Kalasinga mmoja aliyeitwa Matharu. Kalasinga ndivyo watu wa kwetu wanavyowaita Masingasinga, wale Wahindi wa vilemba. Mama yake babu alikuwa mpishi katika nyumba ya tajiri huyo, na mumewe alikata miti msituni. Wanawake walitaja wafu wa ukoo wote wa mume, mtoto akawatazama tu. Ndipo likatajwa jina la Matharu, si la tajiri mwenyewe, bali la mdogo wake, aliyekuwa ameangukiwa na gogo wiki hiyo hiyo akafa. Chafya ikasikika. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Niliwakataa weusi wote nikamtaka Mhindi," babu alikuwa akisema, akicheka.

"Hukutaka wewe," nyanya alimjibu kutoka jikoni. "Ulitakwa."

Siku moja niliuliza, "Lakini Babu, kwenye kiwanda cha mbao si kila mtu hupiga chafya?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. Nyanya hakucheka. Alikuja mlangoni na mwiko mkononi, akanitazama, akarudi kwenye sufuria yake.

Babu alifariki katikati ya majira ya baridi. Nakumbuka viatu vingi vya matope ya theluji mlangoni, na chai ya tangawizi, na wanawake wa Kikongo wameketi sakafuni kwenye mkeka wetu kana kwamba aliyekufa ni wa kwao. Nakumbuka zaidi simu. Baba aliiweka mezani ikiwa wazi ili nyanya asikie, na wote wakainama juu yake kama watu wanaoota moto. Alikuwa anazungumza na ndugu za babu kule nyumbani, akiwaambia kwamba mwili utasafirishwa, wachimbe kaburi katika shamba la ukoo kando ya mama yake.

Upande wa pili sauti ya mzee mmoja, mtoto wa baba mmoja na babu kwa mke mwingine, ikasema, "Kijana, hapa hatuna kaburi la Matharu."

"Baba mdogo, ni kaka yako."

"Nimemwita kaka miaka yote hiyo kwa heshima tu. Chafya ile ilimfurahisha yeye. Sisi tulijua mama yake alipikia nani." Akaongeza, "Na Wahindi hawazikwi. Huchomwa. Basi mchomeni hukohuko."

Baba aliikata simu bila kuaga. Nyanya alijifunika uso kwa khanga. Mimi nilikuwa chini ya meza, na neno nililolishika ni hilo la kuchomwa. Kwa siku kadhaa sikutaka kukaa karibu na jiko.

Jirani yetu Mama Furaha ndiye aliyelikata shauri. "Bon, mama, usilie," alimwambia nyanya. "Sisi batu ya Congo, vita ilitufunza. Mutu tunamuzikaka kwenye alifia. Donc hata huku ni udongo ya Mungu."

Babu akazikwa Louisville, ardhi ikiwa ngumu kama sahani. Ilipofika zamu ya kuchonga jiwe, ugomvi ukaingia nyumbani, wa sauti ya chini, ambao watoto huusikia vizuri kuliko wa kelele. Nyanya alitaka liandikwe Matharu, kwa sababu wafu walikwisha kusema. Baba hakutaka kuandika mpaka ajue. Nilimsikia akimweleza mama: kama babu alikuwa damu ya yule Mhindi, basi Matharu liandikwe, na wale wa nyumbani walisema kweli, ingawa kwa kinywa kibaya. Lakini kama alilipata kwa chafya tu, alikuwa mtoto wa ukoo kama wao, na walimnyima kaburi lake bure. Jambo hilo la pili ndilo baba alilolitamani. Alitaka kuwapigia simu siku moja na kuwaambia.

Mchongaji akaambiwa achonge Elija na kuacha nafasi.

Nyanya alisema neno moja ambalo baba hakulisikia, ila mimi. Alikuwa anakunja nguo. "Kama hamlitaki," alisema peke yake, "jina la watu si mlirudishe kwa wenyewe."

Mimi nililichukua neno hilo kama lilivyo. Nilidhani jina ni kitu cha kuazima, kama sufuria kubwa za sherehe ambazo mama aliazima kanisani na kuzirudisha zikiwa zimesuguliwa. Niliamini kuna siku tutakwenda mahali, tutalikabidhi, na shule zikifunguliwa mwalimu ataita majina ya wote, akifika kwangu atasema Naomi, kisha atanyamaza. Niliyafanyia mazoezi haya chumbani. Naomi. Kimya. Nilijifunza kusema "nipo" haraka, kabla watoto wengine hawajageuka kutazama.

Kampuni aliyofanyia baba kazi ilikuwa Columbus, upande wa Whitehall, uwanja wa changarawe wenye malori na kibanda cha ofisi. Tajiri wake alikuwa Mpunjabi tutakayemwita Bwana Pal. Namna baba alivyoipata kazi ile ilikuwa kichekesho cha uwanja mzima. Alikuwa ameacha ujumbe kwenye simu akisema tu, "Ni Matharu, natafuta kazi ya lori." Bwana Pal akampigia na kumwaga Kipunjabi bila kupumua, baba akadhani simu ina kasoro, akawa anasema ndiyo, ndiyo. Alipofika uwanjani, Bwana Pal alimtazama, kisha akatazama nyuma yake.

"Matharu yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Bwana Pal alicheka akishika magoti yake. Akampa funguo za lori siku hiyo hiyo. Tangu hapo madereva wakamwita Matharu-ji, kwa heshima ya Kipunjabi, wakamuuliza kila Jumatatu kilemba chake amekisahau kwa nani. Baba alicheka nao. Aliporudi nyumbani aliyasimulia kwa kucheka, kisha akakaa kwenye ngazi za nje peke yake.

Majira ya joto yaliyofuata kifo cha babu, baba alinichukua safarini, kwa ruhusa ya Bwana Pal, mzigo ukiwa wa Buffalo. Tulipita Whitehall kwanza. Bwana Pal alitupatia chapati zilizofungwa katika karatasi ya alumini na dengu ndani ya kopo, akanisimamisha mbele yake. Alizungumza Kiingereza cha kukatakata, na mengi aliyoniambia nimeyathibitisha baadaye: kwamba Matharu ni ukoo wa mafundi, maseremala na wahunzi, kwamba wengi wao walivuka kwenda Afrika wakati reli inajengwa, wakabaki na misumeno yao, kwamba watu wa ukoo mmoja hawaoani, hata wakikutana mwisho wa dunia, kwa sababu ni ndugu.

"Kwa hiyo wewe," alinionyesha kidole, "usiniletee bwana harusi Matharu. Huyo ni kaka yako."

Madereva wakacheka. Kisha akamgeukia baba na sauti yake ikashuka. Alimwambia kuna mama mzee Buffalo, wote wanamwita Biji, kama mtu anavyomwita bibi yake. Alikulia Kenya katika kiwanda cha mbao. Kwa baba yake aliitwa Matharu. Na anazungumza ile lugha yenu.

Baba alikuwa ameshika kopo la dengu kwa mikono miwili.

Njia nzima nilijua tunakwenda kulirudisha jina. Kutoka Columbus kwenda juu, mashamba ya mahindi, kisha ziwa upande wa kushoto, kijivu, halina ng'ambo. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Jumapili, kwa kuwa vitu vya watu hurudishwa kwa adabu.

Biji alikaa kwa binti yake, nyumba ya matofali yenye zulia lililonyamazisha miguu. Alikuwa mdogo wa mwili, amejifunika shela jeupe, na bangili ya chuma iliteleza mpaka kwenye kiwiko alipoinua mkono. Binti yake alituletea chai ya maziwa, akatuacha. Mzee alitutazama, akafungua kinywa, na kikatoka Kiswahili cha kiwandani, kisichojali ngeli, lakini hakutafuta hata neno moja.

"Karibu. Kaa. Wewe iko mtoto ya nani?"

"Wa Elija, Mama. Elija mtoto wa mpishi."

"Ya Taprandich." Alilitaja jina la mama yake babu kama mtu anayeligusa. "Yeye alinibeba mgongoni. Mimi nimekula mkono yake kabla ya mkono ya mama yangu."

Hapo mimi nikasimama. Niliogopa kwamba nikichelewa nitalia. Nilisema, "Tumekuja kulirudisha jina."

Baba aligeuka kama aliyechomwa na sindano. Biji aliinama mbele. "Rudisha? Mimi nitaweka wapi?" Hakucheka. "Mimi naliwacha siku ya kuolewa, mtoto. Kwetu mwanamke anahama na ukoo ya bwana. Ndugu zangu nao wanaandika Singh peke yake, hawataki refu. Hapa Buffalo hii jina iko na wewe tu."

Nilikaa. Nilikuwa nimepewa kitu ambacho sikukiomba.

Baba aliweka kikombe chini. Alimweleza yote, simu ya nyumbani, kaburi, nafasi kwenye jiwe. Alieleza kwa mpangilio, kama anayetoa ripoti ya ajali. Mwisho akasema, "Nataka kujua tu, Mama. Babangu alikuwa nani."

Biji alinitazama mimi, si yeye. "Peleka mtoto nje kwanza. Kuna bustani."

"Hapana," baba akasema. "Akae. Jina ni lake pia."

Nimelifikiria jibu hilo la baba mara nyingi kuliko neno lolote alilowahi kusema. Lilikuwa jibu la heshima kwangu. Biji alichezesha bangili yake, akaanza kusimulia, na hata wakati ule, kwa akili ya mtoto, nilihisi kwamba ameweka hadithi moja pembeni na kuchukua nyingine.

Alisimulia kwamba baba yake mdogo, yule aliyeangukiwa na gogo, walimchoma nyuma ya kiwanda kwa mbao za mtarakwa zilizokuwa zimepangwa kwenda kuuzwa, na moshi ulikuwa na harufu nzuri, jambo ambalo yeye akiwa mtoto aliliona kuwa dhambi. Msumeno ulisimamishwa siku hiyo, siku iliyofuata ukawashwa tena. Jioni yake mpishi hakuja jikoni. Yeye akatoka kumtafuta, akafuata njia ya kambini, akafika kwenye nyumba ya mabanzi ya mbao, akasimama mlangoni. Ndani kulikuwa na giza na wanawake.

"Wanasema jina. Kimya. Wanasema jina ingine. Kimya. Mimi nataka kuita yeye, lakini naogopa. Halafu nasikia jina yetu. Matharu. Mimi nashangaa. Na ile vumbi ya mbao iko kila mahali, nywele, macho, pua." Aligusa pua yake kwa kidole. "Mimi nikapiga chafya."

Baba hakuelewa mara moja. Mimi nilielewa.

"Wewe ulipiga?" baba akauliza.

"Mimi. Hapo mlangoni. Wao wakapiga ile kelele ya furaha. Mimi nikakimbia."

"Na mtoto? Mtoto naye alipiga?"

"Pengine sisi wote. Pengine mimi tu. Chafya iko na sauti moja." Aliufumba mkono wake juu ya bangili. "Nilitaka kurudi kusema. Lakini Taprandich kesho yake alikuwa anacheka. Tangu huo gogo ilianguka, yeye alikuwa hajacheka."

Baba akauliza swali lililobaki, polepole sana. "Huyo baba yako mdogo. Alimjua bibi yangu Taprandich?"

"Wote tulimjua. Alitupikia wote."

"Mama, unanielewa ninachouliza."

"Mimi ilikuwa mtoto," Biji alisema. "Watu kubwa haisemi mbele ya mtoto." Na akanitazama tena.

Tuliporudi, mvua ilitushika kabla ya Erie. Vipangusio vya kioo vilikuwa vinakwenda na kurudi, na baba alikuwa anaendesha akiwa ameinamia usukani. Tulikuwa tumekwenda mbali kidogo alipopiga usukani kwa kiganja, mara moja, si kwa nguvu.

"Sikumuuliza nani alilitaja," alisema.

Sikujua anazungumzia nini. Nilikuwa nimelala nusu, nikiwa na jina langu, nikiwa nimefurahi peke yangu ndani ya lori lile, na sikutaka kuulizwa kitu.

Leo najua. Wanawake wale walipaswa kutaja wafu wa upande wa baba wa mtoto, na si wengine. Kusema Matharu katika chumba kile ilikuwa ni kusema kwamba yule aliyekuwa majivu nyuma ya kiwanda alikuwa baba. Au lilikuwa neno la mzaha, la mwanamke aliyechoka kutaja na kungoja. Au lilikuwa huruma kwa mtu aliyekufa bila mtoto mbali na kwao. Inategemea sauti ilikuwa ya nani. Kama ilikuwa ya mkunga, ni jambo moja. Kama ilikuwa ya mama mwenyewe, kitandani, ni jambo jingine kabisa.

Nyanya alikuwa ameketi kwenye ngazi za saruji tulipofika Iroquois. Hakuuliza habari za safari. Alimwacha baba azime injini ya gari lake, apande ngazi mbili, ndipo akasema, "Basi? Alipiga chafya?"

Baba alisimama pale.

"Kulikuwa na chafya, Mama," alisema. "Yule mzee aliisikia kwa masikio yake."

Nyanya alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza. "Niliwaambia," alisema, akaingia ndani kupakua chakula.

Baba alikusudia kurudi Buffalo na mzigo mwingine, peke yake safari hiyo. Akapata wa Kentucky, kisha wa Indiana, kisha Bwana Pal akamwambia kwamba Biji amefariki, na kwamba walimchoma kama ilivyo desturi. Nyanya aliishi miaka michache zaidi. Kabla ya kufa aliagiza maneno ya jiwe lake mwenyewe, na baba alipojaribu kumsihi angoje, alimjibu kwamba yeye aliolewa na Matharu mbele ya kanisa zima, na hilo halimhitaji shahidi.

Baba sasa amestaafu. Ndugu za nyumbani wameanza kupiga simu tena, wale vijana, wakitaka tuyasahau ya wazee. Kila anapokwenda makaburini hulipangusa jiwe la babu kwa leso, pamoja na ile sehemu isiyo na herufi. Mchongaji ameshauliza mara mbili kama akamilishe kazi. Chumba kile kilikuwa na wanawake, na mmoja wao alifungua kinywa akasema Matharu, na mpaka leo hatujui ni yupi.